Nakala ya hukumu ya talaka kutoka Harris County, Texas

Swali: Ndugu, ndoa yangu ilivunjwa na mahakama mjini Houston, na sasa nikitaka kuoa tena Mombasa nadaiwa hati yenye muhuri. Je, niiombe jimboni Austin au kwenye kaunti?

Jibu la kwanza: Omba kwenye kaunti. Idara ya afya ya jimbo hutoa barua ya uthibitisho tu, kwa talaka zilizosajiliwa tangu 1968, ilhali nakala iliyothibitishwa ya hukumu hutolewa na karani wa mahakama ya wilaya wa kaunti ile ile ilikoamuliwa kesi, hata kama ulikwisha kuhama.

Jibu la pili: Naafiki. Andika namba ya kesi. Ukiwa huna, toa majina kamili ya wahusika wote wawili na mwaka. Majina yetu huko huandikwa ovyo, basi jaribu Mohamed, Mohammed na Muhammad.

Muulizaji: Nashukuru. Nakala ya kupakua mtandaoni haitoshi?

Jibu la pili: Haitoshi ikiwa haina uthibitisho wa karani. Omba kurasa zote, maana saini ya hakimu kwa kawaida huwa mwishoni.