Safari ya Yinxu: tumelipa yuan 680 kwenda kuuziwa bangili

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe nikiteleza.

Kuna Mbongo mwenzetu hapa Zhengzhou, China, jina simtaji, ana grupu la WeChat la kuwapangia wanafunzi safari. Mwezi uliopita akatangaza "Yinxu siku nzima", yuan 680 kwa kichwa: basi, kiingilio, mkalimani na msosi. Aliahidi kwa maandishi vitu vitatu: eneo la kasri, makaburi ya wafalme ng'ambo ya mto Huan, na jumba jipya la makumbusho lililofunguliwa 2024. Kwa mtu anayeishi kwa boom, yaani posho ya mwanafunzi, hiyo si hela ya kuchezea, lakini nikalipa. Yinxu, magofu yaliyoko mji wa Anyang, ndiyo ilikuwa makao makuu ya mwisho ya wafalme wa Shang wa China ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mimi mtoto wa Kilwa, magofu ndiyo ugonjwa wangu.

Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka. Saa tatu tuko Anyang, nikajua leo raha. Mara basi likakata kona, likapaki nje ya duka la jade, yale mawe ya thamani ya mapambo. Eti "tupate kwanza historia ya jade". Historia gani! Muuzaji kanivisha bangili, haitoki, anapaka sabuni huku kwenye kikokotoo anaandika 2,300. Nikitikisa kichwa anaandika 1,500. Mwisho ikafika 400. Zaidi ya saa mbili tumo humo, na dada mmoja wa Mbeya kanunua kwa aibu tu.

Yinxu tumeingia saa sita kasoro. Saa saba kasoro dakika kumi tumeitwa kwenye basi.

Sasa niseme kweli, ukienda kule ukitegemea kuta kama za Gereza, ile ngome ya mawe ya Kilwa, utashangaa. Shang walijenga kwa mbao na udongo ulioshindiliwa. Mbao zimeoza, na misingi ikishachimbwa hufukiwa tena isiharibike, kwa hiyo juu unaona nyasi na alama za mahali nguzo zilipokuwa. Bila mtu wa kukueleza ni sawa na kulipia kiingilio cha uwanja wa mpira usio na mechi. Hapo siilaumu Yinxu. Namlaumu aliyechukua hela ya mkalimani, kumbe mkalimani ni yeye mwenyewe na hajui kitu. Katuambia Shang ni enzi za Genghis Khan. Kakosea kwa zaidi ya miaka 2,000, mchana kweupe.

Kuna lile dude la shaba la miguu minne, chungu kikubwa cha enzi za Shang. Wanakijiji walilifukua 1939, wakalifukia tena Wajapani wasilichukue, likatolewa 1946. Kilo 832.84. Jamaa kasimama mbele ya la pale, kapiga kifua: "Hii ndiyo yenyewe, pigeni picha." Yenyewe iko Beijing, Makumbusho ya Taifa! Pale ni nakala. Nikamwambia kistaarabu, akanijibu, "Wewe mjuaji sana."

Mifupa ya ramli tumeipita mbio. Hapo ndipo nilipoumia. Walikuwa wakichukua gamba la tumbo la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe, wanachimba vishimo upande wa nyuma, wanachoma kwa moto hadi upasuke, halafu mfalme anasoma ufa: mvua itanyesha? Twende vitani? Jino linauma, babu gani kakasirika? Kisha swali linachongwa palepale. Mwaka 1936 shimo moja tu lilitoa vipande zaidi ya 17,000. Watu wamekuja kutoka nchi za mbali kuona hayo, wewe unasema "twendeni twendeni, basi linasubiri".

Kwa Fu Hao nilikaza, nikagoma kutoka. Mke wa mfalme Wu Ding, aliyeongoza majeshi. Kaburi lake lilipatikana 1976 halijaguswa na wezi. Alizikwa na kauri za baharini zaidi ya 6,000. Kauri, jamani! Sisi tumekua tunaziokota ufukweni, na huku Anyang bahari iko mbali kabisa. Nilikuwa na swali hilo moja tu: zilifikaje? Jibu la mkalimani wetu wa yuan 680: "Mapambo ya kike hayo." Kwetu Kilwa Kisiwani hata kijana wa boti akiona kigae cha Kichina mchangani atakupa hadithi yake hadi mnafika bandarini.

Makaburi ya wafalme hatukuona. Makumbusho mapya tumeyaona kupitia dirisha la basi. Msosi ulikuwa tambi za kikombe. Nilipodai nirudishiwe nusu, kajibu grupuni: "Makaburi ni mashimo tu, ungeona nini?" Dakika mbili baadaye kanitoa grupuni.

Anayetaka kwenda apande treni ya mwendokasi mwenyewe hadi Anyang, pasipoti mkononi, na ajipe siku nzima. Msinijazie uzi na "ungeuliza kwanza", nimeuliza na majibu yake ninayo.

Nimempa hadi Jumapili arudishe yuan 340. Risiti ya malipo nimehifadhi, na ile video yake akisema "hii ndiyo yenyewe" nayo ninayo.