Wiki moja Marseille na watoto mwezi Julai: tufanye nini zaidi ya kukaa mchangani?

Mama_Wawili
Habari zenu wadau. Julai tunakwenda Marseille, Ufaransa, siku saba, watu wazima wawili na watoto wawili, miaka 6 na 11. Gari hatuna, tutategemea treni na mabasi. Mkubwa anaogelea vizuri, mdogo bado. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa hiyo kushinda pwani si jambo geni kwetu. Ninachotaka ni mambo ya kufanya, hasa zile Calanques, hori za bahari kati ya magenge, zinazosifiwa, pamoja na yale yanayoweza kuharibu siku. Boya kubwa la kujaza upepo tumeshanunua. Natanguliza shukrani.

Upepo_wa_Kusi
Dada, mtu wa Tanga hupanga siku yake kwa maji kupwa na kujaa. Huko sahau. Maji ya Mediterania hupanda na kushuka sentimita chache tu, labda 20 au 30, na ufuo wa asubuhi ndio huo huo wa jioni. Kinachotawala siku ni upepo. Kila jioni fungueni utabiri wa Météo-France, idara ya hali ya hewa ya huko, angalieni kasi na upande unaotokea, ndipo mpange ya kesho.

Upepo mkuu wa huko unaitwa mistral. Unashuka bonde la mto Rhône na kuifikia Marseille kutoka kaskazini-magharibi, mbingu ikiwa safi kabisa, ndiyo maana wageni hawauogopi. Unasukuma maji ya juu yaliyopata joto kuelekea bahari kuu, na ya chini yenye baridi yanapanda kuziba nafasi. Bahari iliyokuwa na nyuzi 23 inaweza kushuka hadi 17 ndani ya siku moja au mbili, katikati ya Julai. Mtoto aliyezoea maji ya Tanga atatetemeka baada ya dakika kumi. Mnunulieni mdogo fulana nzito ya kuogelea.

Kuhusu boya, liacheni nyumbani. Pale ambapo upepo unatoka nchi kavu, maji ya karibu na ufuo yanatulia na kuonekana salama, kumbe chochote chepesi kinachoelea kinapelekwa nje haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Likiondoka, msilifuate. Dharura ya baharini ni namba 196, au 112 ya jumla.

Upepo ukigeuka wa mashariki, maji huwa na joto zaidi lakini mawimbi yanapiga moja kwa moja mji jirani wa Cassis na Calanques. Siku hiyo boti na kayaki hazina raha.

Mpanda_Genge
Calanques ni hori nyembamba kati ya magenge ya chokaa, kuanzia Marseille hadi Cassis, na eneo lote ni hifadhi ya taifa tangu 2012. Kabla ya kupanga, jueni kwamba kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba njia zinaweza kufungwa kwa hatari ya moto. Hali ya kesho hutangazwa jioni ya leo. Ikiwa nyekundu, hakuna kuingia. Kuvuta sigara na kuwasha moto ni marufuku.

Kwa mtoto wa miaka 6, nendeni hori ya Port-Pin kupitia Cassis. Treni kutoka kituo cha Saint-Charles ni chini ya nusu saa, ila kituo cha Cassis kiko kilomita 3 na zaidi kutoka mjini, hivyo pandeni basi la kushuka bandarini. Kutoka hapo hadi Port-Pin, kwa mwendo wa mtoto, ni saa moja na robo hivi. Kuna ufuo mdogo na misonobari ya kivuli. Watu watawaambia mwendelee mpaka hori ya En-Vau kwa sababu ndiyo ya kwenye picha. Msiende na mdogo: mteremko wa mwisho ni mkali, na mawe yamelainishwa na nyayo mpaka yanateleza hata yakiwa makavu.

Hori ya Sugiton, upande wa Marseille (basi la B1 hadi Luminy), msimu wa kiangazi haiingiwi bila kujiandikisha mtandaoni siku chache kabla. Ni bure, lakini wanapokea watu 400 tu kwa siku, kwa kuwa wingi wa watu ulikuwa unamomonyoa udongo na kuua miche ya misonobari. Bebeni kitambulisho.

Njiani hakuna bomba wala duka. Chukueni lita 2 kwa kila mtu mzima na lita moja na nusu kwa kila mtoto. Viatu viwe vya kufunga, si ndala. Anzeni saa mbili asubuhi, maana kwa saa zao za kiangazi jua la utosi linafika karibu saa nane kasorobo mchana, si saa sita. Jioni hamna haraka, jua linazama baada ya saa tatu usiku.

Wasiotaka kutembea wapande boti pale Cassis. Safari ya hori tatu ni dakika 45, lakini hawashushi mtu.

Bi_Noailles
Cassis kwa treni, basi na mguu ni safari ndefu kwa mtoto. Mimi ningeanza na visiwa vya Frioul: boti inatoka Vieux-Port, bandari ya zamani ya Marseille, nusu saa hivi, kisha mnatembea taratibu hadi ufuo wa Saint-Estève, maji ni kioo. Wavalisheni viatu vya majini, kwenye miamba kuna wale viumbe wa miiba myeusi. Mkiwa na miwani na mrija mtaona samaki hata kwenye maji ya kiunoni. Mistral ikizidi, boti husitishwa, kwa hiyo Frioul iwe ya siku tulivu.

Kwa mchana wa kawaida, basi la 83 linapita fuo za Catalans na Prophète. Prophète ina mchanga na maji mafupi, inamfaa mdogo, ila fikeni kabla ya saa nne asubuhi.

Siku ya upepo mkali nendeni Cosquer Méditerranée, nakala ya pango ambalo mlango wake uko mita 37 chini ya bahari, lenye alama za viganja vya watu wa kale. Nyua za ngome ya Fort Saint-Jean, jirani, ni bure. Kisha soko la Noailles: mihogo, ndizi za kupika, pilipili. Wangazija ni wengi sana mji ule, na "karibu" mtaisikia. Mkiona panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, nunueni vikiwa vya moto, vikipoa havifai.

Mama_Wawili
Asanteni sana, boya linabaki. Na yavuyavu je? Nasikia wapo.

Upepo_wa_Kusi
Wapo, hasa wadogo wa rangi ya zambarau. Kwanza tazameni bendera: kijani sawa, njano tahadhari, nyekundu haruhusiwi mtu, zambarau maji machafu au viumbe hatari. Mtoto akichomwa, suuzeni kwa maji ya bahari. Msitumie maji ya bomba, yanafyatua sumu iliyobaki kwenye ngozi. Msisugue, na siki msitie, kwa aina hii haifai. Nyuzi za yavuyavu zilizoganda kwenye ngozi ziondoeni kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kisha suuzeni tena kwa maji yale yale ya bahari. Akivimba uso au kupumua kwa shida, pigeni 112 hapo hapo.