Mpelelezi wa Berlin: anatufumbua macho, au anatuliwaza?

Mwanzisha mada: Wakuu, mimi nasema hivi. Ukitaka kujua ufashisti ulivyoingia Ujerumani, riwaya za upelelezi za Berlin zitakufaa kuliko hotuba za Hitler. Mwandishi Volker Kutscher anaanzia Mei 1929, polisi walipowafyatulia risasi wafanyakazi na watu zaidi ya 30 wakafa. Polisi wale hawakuwa chini ya Wanazi. Mkuu wao alikuwa wa chama cha Demokrasia ya Kijamii. Mwaka uliotangulia, Wanazi walikuwa wamepata asilimia 2.6 tu ya kura. Julai 1932 wakafika 37.3. Februari 1933 Göring, waziri wa Hitler, akawafanya vijana wa SA, wanamgambo wa Wanazi, askari wasaidizi. Hebu fikiria: mhuni uliyemkamata juzi, leo unamkuta kituoni na kitambaa cha polisi mkononi. Hotuba gani itakuonyesha hilo?

Mchangiaji wa pili: Sikubaliani, mkuu. Mchukue Bernie Gunther, mpelelezi wa riwaya za Philip Kerr. Mwaka ni 1936, Berlin ya Olimpiki, naye anawakejeli Wanazi tangu kurasa za mwanzo. Msomaji anakaa upande wake raha mustarehe. Nani atafunga kitabu akijiona yeye ndiye jirani aliyekwenda kuchukua kadi ya chama? Tena upelelezi unataka muuaji mmoja akamatwe. Kwa Bwana Msa sawa, fumbo likifumbuliwa watu wanalala. Hapa muuaji ni serikali, utamfunga wapi?

Mchangiaji wa tatu: Hilo la jirani ndilo jina la kitabu chenyewe, cha 1989! "Urujuani wa Machi" ni jina la kejeli walilopewa waliokimbilia chama baada ya uchaguzi wa Machi 1933. Na Kerr hakumwacha Bernie akiwa safi. Vitabu vya baadaye vinamvika sare ya SS, jeshi la chama cha Wanazi, vinampeleka Minsk, mji wa Belarus. Halafu kuna Arthur Nebe, ambaye si wa kubuniwa. Mpelelezi wa kazi, akawa mkuu wa polisi wa upelelezi, na mwaka 1941 akaongoza kikosi kilichoua makumi ya maelfu ya watu huko Belarus, wengi wao Wayahudi. Mtu wa mafaili na alama za vidole! Mimi huyo ananitisha kuliko Goebbels, mkuu wa propaganda wa Wanazi.

Mchangiaji wa pili: Kwa Nebe umenibana. Ila bado nauliza kwa nini Bernhard Weiss anabaki pembeni katika riwaya hizi. Alikuwa naibu mkuu wa polisi wa Berlin, Myahudi. Goebbels alimtukana magazetini, naye akamshtaki tena na tena, akishinda kesi. Tarehe 20 Julai 1932 Kansela Papen alipoiondoa serikali ya Prussia, jimbo lenye Berlin, Weiss alikamatwa, na polisi aliowaongoza hawakuinua kidole. Mwaka uliofuata akakimbia nchi. Riwaya ambayo yeye ndiye mhusika mkuu ningeinunua leo hii.

Mwanzisha mada: Nami ningekuazima ukishamaliza.