Sola ya miaka 10 ijayo: jeli, lithiamu, au nisubiri sodiamu?

Dukani_Geita:
Wakuu, habari zenu. Nina duka kijijini, nguzo za umeme zimeishia kijiji jirani. Nataka kufunga sola ya friji dogo, taa na kuchaji simu za wateja. Paneli hazinipi shida, bei imeshuka sana. Kichwa kinaniuma kwenye betri. Ninunue jeli, lithiamu, au nivute subira? Nasikia betri za sodiamu zinakuja, na paneli mpya kali kuliko hizi.

FundiJua:
Mkuu, usihesabu Ah (ampea-saa) zilizoandikwa ubavuni, hesabu unachoweza kutumia. Jeli ya volti 12, Ah 200, ina wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Unabaki na 1,200. Lithiamu, namaanisha LiFePO4 (ya chuma na fosfeti), ya volti 12.8, Ah 100, ina 1,280, na unatumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Kwa hiyo ukilinganisha bei, weka lithiamu ya 100 dhidi ya jeli ya 200.

Halafu kuna joto. Betri ya risasi, jeli ikiwemo, kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Chumba cha bati kisicho na dari mchana unakijua mwenyewe. Nakuta paneli nzima juu, chini betri imevimba tumbo. LiFePO4 nzuri inafika mizunguko 3,000 ya kuchaji na kutumia, na kuendelea. Ukiizungusha kila siku ni zaidi ya miaka 8.

MamaVifaranga:
Fundi, usimtishe kila mtu. Mimi nawasha taa tu bandani, jeli yangu inanitosha na mtaji uliobaki nimenunulia chakula cha kuku. Ila ndugu yangu wa duka, kwa friji sikushauri jeli. Friji halilali.

Nyanza_Sola:
Kutoka Kisumu hapa. Kuhusu kusubiri: CATL, kampuni ya betri ya China, ilitangaza betri yake ya sodiamu mwaka 2021, na sodiamu ipo tele kuliko lithiamu, kwa hiyo nina imani nayo sana kwa siku za mbele. Ni nzito zaidi kwa umeme uleule, lakini dukani uzito si hoja. Tatizo ni volti zake, zinapanda na kushuka kwa upana mkubwa, na inveta nyingi zilizopo (vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) hazikutengenezwa kwa hilo.

Paneli mpya ni za perovskite, tabaka jembamba la kunasa mwanga, juu ya silikoni ya paneli za kawaida. Kampuni ya LONGi ya China ilifikisha seli inayogeuza asilimia 34.6 ya mwanga kuwa umeme, maabara, mwaka 2024, wakati paneli nzuri za madukani ziko kwenye 21 hadi 23. Si maradufu, lakini ni hatua kubwa. Perovskite inaogopa unyevu na joto, na sisi wa kandokando ya ziwa tuna vyote viwili. Ningetaka kwanza kuona zimekaa juani miaka kadhaa. Una paa kubwa? Ongeza paneli moja ya kawaida, umemaliza.

Dukani_Geita:
Asanteni sana. Na umeme wa gridi ukifika? Bwawa la Nyerere lina MW 2,115, sitaki nifunge kitu halafu kikae bure.

FundiJua:
Hakitakaa bure ukifunga inveta ya haibridi. Mchana duka linakula jua, usiku betri, gridi inaingia pale betri ikishuka. Umeme wa LUKU utanunua kidogo, na umeme ukikatika soda zako hazipati moto.

Nyanza_Sola:
Huku Kenya kuna kanuni za mwaka 2024 za kuingiza ziada yako gridini na kuhesabiwa nusu ya ulichoingiza. Nawaombea nanyi mpate nafuu kubwa zaidi.

Dukani_Geita:
Basi naenda na lithiamu. Moja au mbili?

FundiJua:
Friji dogo linakula kama yuniti moja (wati-saa 1,000) kwa siku, sehemu kubwa mchana jua likiwepo. Anza na moja kama mtaji ni mdogo, ila ya pili usiichelewe, mpya na kuukuu hazichangamani vizuri. Na chaji kontrola, kile kifaa cha kudhibiti chaji ya paneli kwenda kwenye betri, iwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, mwisho volti 14.4. Ikibaki kwenye mpangilio wa betri za risasi za maji, ile chaji ya kusawazisha inaweza kupanda juu ya 15 na betri ikajizima. Simama na fundi mpaka akuonyeshe namba hiyo kwenye kioo.