Piza kwenye mlo wa afya: jibini tunalionea, adui ni chumvi

Jamani wadau, na mimi niseme kidogo kwenye hii ishu ya piza, maana naona tumegawanyika, kuna aliyesema piza ni sumu na mtu mwenye akili timamu hawezi kuiweka kwenye mlo wa afya, na kuna wanaomjibu kwamba mwili ni wako kula unachotaka. Mi nasema piza inaweza kabisa kuwemo, tena bila kujificha, ila tunagombana na adui ambaye siye.

Hebu tuangalie kilichomo. Unga wa ngano, hamira, maji, nyanya, jibini, mafuta kidogo. Ukiviweka mezani kimoja kimoja nani atakwambia ni sumu? Nyanya ikishapikwa na mafuta, ile laikopini yake (kile kirutubisho kinachoipa rangi nyekundu) mwili unaipata kirahisi kuliko kwenye nyanya mbichi, na jibini lina protini na kalsiamu ya maana. Wenyewe watu wa Napoli kule Italia wana piza inaitwa marinara, ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta basi, jibini hamna kabisa. Sasa hiyo unaiwekaje kundi moja na ile iliyojazwa jibini mpaka kwenye ukingo halafu juu soseji na salami? Hizo nyama za kusindikwa ndo mi sizitetei, toka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani) lilishasema zinasababisha saratani.

Ila kinachoniuma zaidi ni chumvi, na hakuna hata mmoja humu aliyeitaja, wote mafuta mafuta tu. WHO wanataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai. Na kwenye piza chumvi imo kwenye unga, imo kwenye sosi, imo kwenye jibini, ukiweka na nyama ndo imejaa, na ulimi hausikii kwa sababu ya ile sukari ya kwenye sosi na mafuta.

Mzee wangu ana presha, siku moja nikashika boksi la piza ya kugandishwa nikasoma, chumvi gramu 1.3, nikasema mbona kidogo, nikataka kumpashia. Kuja kuangalia vizuri, maandishi madogoo, hiyo ni kwa kila gramu 100, na piza yenyewe ina gramu 400. Piga hesabu, gramu 5.2, chumvi ya siku nzima na zaidi kwenye sahani moja na hapo hujahesabu mkate aliokula asubuhi. Nikairudisha kwenye friza.

Siku hizi tunatengeneza wenyewe, unga usiokobolewa nusu kwa nusu na mweupe (ukitumia usiokobolewa mtupu inakuwa ngumu, msidanganywe), unakandwa laini unasukumwa mwembamba, uyoga na hoho na mchicha kwa wingi, jibini la kunyunyiza tu. Mzee anakula vipande viwili na bakuli la saladi pembeni, soda hapana.

Sasa wewe uliyesema ni sumu, nitajie ni kiungo gani kwenye hiyo ya mzee wangu. Na wenye kisukari humu, mkila unga mchanganyiko hivyo sukari inapanda kiasi gani kulinganisha na mweupe mtupu? Mliopima naomba mseme.