Nani amewahi kupanda Mlima Nyiru, kule South Horr? Tunataka kwenda Agosti

Mwanamisi_Nakuru

Habari za jioni wana jukwaa. Sisi ni wanne: wanawake watatu na kaka yangu. Longonot tumeipanda hadi tumeizoea kama ngazi za nyumbani. Mwaka jana tulifika kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985, bila mtu kutapika (haya, mmoja alitapika). Sasa tumechoka na milima yenye geti, tiketi na foleni ya kupiga picha.

Nimeona kwenye ramani Mlima Nyiru, kaunti ya Samburu, kaskazini mwa Kenya, mita 2,752. Longonot ni 2,776. Yaani Nyiru inazidiwa na Longonot kwa mita 24! Kwa hivyo nimepanga hivi: Ijumaa usiku tunatoka Nakuru, Jumamosi alfajiri tuko South Horr, tunapanda na kushuka siku hiyo hiyo, Jumapili tunarudi, Jumatatu niko kazini. Gari ni la kaka, dogo lakini limeinuka kidogo. Maji, lita tatu kila mtu. Hema hatubebi, na kwa kuwa ni jangwani, majaketi yanabaki nyumbani.

Nirekebisheni kabla sijachangisha pesa za watu. Kuna geti? Njia imechorwa alama?

Mwalimu_wa_Jiografia

Mwanamisi mwanangu, umeomba kurekebishwa, basi kaa kitako. Nilifundisha huko miaka sita, na mlima huo ulikuwa dirishani mwa darasa langu. Nimeujaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulinirudisha.

Tuanze na hizo mita 24. Geti la Longonot liko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo hadi ukingo wa juu unapanda mita mia sita na kitu. South Horr iko bondeni, kati ya Nyiru na mlima wa Ol Donyo Mara, mita elfu moja na ushei tu. Toa mwenyewe. Utapata kama mita 1,700, na zile za mwanzo, ambazo ndizo kali, utazipanda kwenye mawe na miiba pasipo kivuli cha kumtosha hata mbuzi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikosea hesabu hii hii, nikawapa sufuri. Wewe nakupa tatu kwa kumi kwa sababu umeuliza.

Mwaka 2011 tulikwenda walimu watatu. Tulikunywa chai kwanza, tukapiga gumzo, tukaondoka saa tatu asubuhi tukiwa na chupa mbili za lita moja kila mmoja, bila mwenyeji, kwa sababu mlima si huo hapo unaonekana? Kufika saa sita mchana maji yalikuwa yameisha. Mwenzetu wa hisabati alianza kutapika, kisha akawa haongei, na huyo ni mtu ambaye kwa kawaida hanyamazi hata kwenye mtihani. Tukageuka. Njiani tukakutana na kijana wa miaka kumi hivi anachunga mbuzi. Akatutazama, akatoa kibuyu, akatupa maziwa. Tulipomuuliza maji yako wapi alituonyesha kwa fimbo: chemchemi ilikuwa nyuma ya mwamba tulioupita, mwendo wa robo saa. Tulikuwa tumekaa kwenye mwamba huo huo kula biskuti.

Lita tatu zako, kwa hiyo, hazitoshi kwa mteremko wa chini. Mimi hubeba tano, na nusu naitegemea iishe kabla ya kuingia msituni. Ndiyo, msituni. Hapa ndipo karibu kila mgeni anapotea. Chini ni jangwa, lakini Nyiru ni kisiwa. Upepo wa kusini-mashariki unakuja na unyevu kutoka baharini, ukigonga mlima unalazimika kupanda, unapoa, unakuwa ukungu. Juu kuna mierezi, kuna mizeituni mwitu yenye ndevu za kuvumwani, kuna majani ya kulisha ng'ombe wakati bonde lote limekauka. Ndiyo maana wakati wa kiangazi kikali wachungaji hupandisha mifugo huko.

Mara ya pili nilijiona mjanja. Nilichukua maji mengi na shuka moja jepesi, maana jangwa si ni joto? Usiku ule ukungu uliingia, shuka likalowa kama limetoka kufuliwa, na mzee aliyetuongoza akanikaribisha ubavuni mwake mwa blanketi bila kusema neno. Mwalimu mzima. Alfajiri meno yangu yalikuwa bado yanagongana.

Kwa hivyo pindua mpango wako juu chini. Chini beba maji, juu beba joto. Jaketi la mvua, sweta, soksi kavu, mfuko mzuri wa kulalia, hema. Usiku mmoja juu kwa uchache, miwili ikiwa mnataka kilele bila kukimbizana. Anzeni kutembea saa kumi usiku, ili jua likianza kuchoma muwe mmekaribia miti.

Agosti ni sawa. Epuka masika na mvua za Novemba. Upepo utakuwa mkali, lakini kule upepo haupumziki mwaka mzima: bonde la Turkana limebanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, hewa inapita hapo kama maji kwenye mfereji.

Geti hakuna. Alama hakuna.

Dere_Kaskazini

Mwalimu amemaliza mlima, mimi niongee barabara. Nimepeleka mizigo Loiyangalani, kule ukingoni mwa Ziwa Turkana, miaka mingi.

Madam, gari dogo liache Nakuru. Tafuta Landikruza yenye dereva anayeijua njia. Una njia mbili. Ya kwanza ni Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr. Hadi Maralal ni raha, baada ya hapo ni mawe, na mawe yenyewe ni yale yenye makali. Ya pili ni Isiolo, unakula lami hadi Laisamis, halafu unakata kushoto kwenye ile barabara iliyotengenezwa kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Mitambo 365, kila bawa lilipita kwenye lori refu kuliko duka lenu, kwa hivyo ilibidi barabara ipanuliwe. Ni changarawe, inatetemesha, lakini mimi naipenda kuliko ya Baragoi.

Tairi za spea mbili, sio moja. Jeki iwe na ubao wa kuwekea chini, mchangani inazama. Mafuta jaza Maralal au Isiolo, usitegemee ya kwenye mapipa. Laga, yaani mto mkavu, ikijaa, zima gari ukae. Hata kama mvua hujaiona. Imenyesha mbali, maji yanakuja kwako. Nimeona pikapu ikiondoka na mbuzi ndani, na mwenye pikapu amesimama ng'ambo akipiga simu isiyo na mtandao.

Usiku usisafiri. Huo mpango wako wa Ijumaa usiku ufute kabisa. Na ulizeni polisi Maralal na Baragoi hali ikoje kabla ya kuendelea, maana wizi wa mifugo unaweza kuzuka leo na kesho kutulia. Upande wa magharibi wa mlima ni Bonde la Suguta. Ukiwa juu litazame, usilishukie. Novemba 2012 polisi zaidi ya arobaini waliuawa huko.

Mzee_wa_Kiti

Mimi nimeuona Nyiru vizuri sana nikiwa kwenye kiti cha hoteli South Horr, soda mkononi. Sikutapika.

Ntito_wa_Horr

Mwalimu, supa (ndiyo salamu yetu). Nafikiri ulimfundisha kaka yangu mkubwa. Alikuwa anatuigiza unavyosema "toa mwenyewe".

Dada Mwanamisi, karibu kwetu. Niongeze yale ambayo mgeni hawezi kuyaona kwenye ramani. Unauliza njia. Njia zipo nyingi mno, hilo ndilo tatizo. Kila njia utakayoiona imechimbwa na kwato, na ng'ombe haendi kileleni. Anaenda majini au anaenda kwenye nyasi. Watu wenye saa za setilaiti wamefuata njia nzuri, pana, saa tatu nzima, wakatokea kwenye zizi la mtu.

Pili, Nyiru si mlima wa kupanda tu. Kwetu Wasamburu ni mahali pa kumwomba Nkai, yaani Mungu, na wazee hupanda huko kwa mambo ya ukoo. Kwa hivyo ukifika South Horr usianze kufunga mabuti. Nenda kwa chifu, sema ninyi ni nani na mnataka kulala siku ngapi. Pitia pia ofisi ya msitu, ni msitu wa hifadhi. Chifu atawakutanisha na mtu. Usichague kijana kwa sababu anajua Kiingereza. Uliza swali moja: umewahi kuchunga huko juu wakati wa ukame? Akisema ndiyo, huyo anajua maji. Bei mkubaliane mbele ya mtu wa tatu, pamoja na chakula chake na blanketi lake. Punda wanaweza kufika mbali kiasi, sio juu kabisa.

Kama mzee atawaambia mahali fulani hatupiti leo, msibishane naye. Wala asilazimike kueleza sababu. Ndege ya kamera acheni nyumbani. Msipige hema kwenye chemchemi, wanyama na mifugo hunywa hapo. Moto muwashe pale tu atakapowaonyesha, miti ile ikiungua haturudishiwi.

Na mkikutana na watu, salimieni kwanza. Polepole. Sio "jambo" mkiwa mnapita.

Mwanamisi_Nakuru

Mwalimu, shikamoo. (Mimi ni wa Kisauni, Nakuru ni kazi, siwezi kuandika kwa mtu mzima bila shikamoo.) Nimesoma kwa sauti hapa sebuleni, kaka amenyamaza kabisa, kwanza kuhusu gari lake, halafu kuhusu maziwa.

Nimepanga upya. Siku nane. Jumamosi Nakuru hadi Isiolo, tunalala. Jumapili Laisamis hadi South Horr mchana, tunaenda kwa chifu Jumatatu asubuhi, siku nzima ni ya kutambulishana na kununua vitu. Jumanne saa kumi usiku tunaanza. Tunalala msituni Jumanne na Jumatano, Alhamisi tunashuka, Ijumaa na Jumamosi barabarani. Ruhusa kazini nimeomba, bosi ameuliza kuna harusi ya nani.

Maswali matatu. Mtu akivunjika mguu juu inakuwaje? Nyoka? Na kileleni kwenyewe kukoje, kuna mahali pa kutisha? Mmoja wetu anaogopa magenge ya miamba.

@Dere, nikipata kwako namba ya dereva wa kuaminika kwa ujumbe wa faragha nitashukuru. @Ntito, asante dada yangu, nimeandika yote.

Mwalimu_wa_Jiografia

Marahaba binti yangu. Sasa huo ni mpango. Nane kwa kumi. Moja nimeiondoa kwa sababu hukuacha siku ya akiba: ukungu ukikataa kuondoka Jumatano asubuhi, utasimama kileleni uone mkono wako mwenyewe tu. Ongeza Ijumaa, rudi nyumbani Jumapili. Ile nyingine siitoi kwa mtu yeyote.

Mguu ukivunjika, mtabeba. Hakuna cha kukuficha. Vijiti viwili, shuka, na wanaume wa kupokezana hadi bondeni, inaweza kuwa siku nzima. Ndiyo maana nasema wenyeji wawili, si mmoja: mmoja abaki na mgonjwa, mwingine akimbie. Bima ya Flying Doctors ya Amref ipo, ikateni kabla ya safari, lakini ndege inatua kiwanjani, haiji kukuokota kwenye mwerezi. Simu hushika mahali pengine juu, mzee atajua mwamba gani. Acha kwa chifu karatasi yenye majina na siku ya kurudi.

Nyoka wapo, hasa chini kwenye mawe ya joto. Kifutu halali njiani kwa ubaya, ila hahami akikusikia. Buti za kufunika kifundo, tochi saa zile za giza, na usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia.

Kilele ni mawe. Unatoka kwenye miti ghafla, upepo unakupiga kofi, na kuna kupanda kidogo kwa mikono. Yule anayeogopa magenge akae hatua kumi chini, hatakosa kitu. Mara ya tatu, ndiyo niliyofika kweli, ukungu uliondoka saa moja na nusu. Kaskazini kulikuwa na Ziwa Turkana, ncha yake ya kusini, rangi ambayo sijawahi kuipata kwenye boksi la chaki. Magharibi Suguta, chini kabisa, imepauka, inatetemeka kwa joto wakati mimi nimevaa sweta mbili. Nilikuwa nimefundisha bonde la ufa miaka minne nikichora mistari miwili ubaoni. Nilikaa pale karibu saa nzima. Mzee alikuwa ameshika rungu lake, amewapa mgongo ziwa na bonde vyote, anatazama ng'ombe wa nani wameingia kwenye nyasi za nani.

Kama yungali anaongoza, chifu atamjua: mrefu, hana jino moja la mbele, hucheka kabla hujamaliza kusema. Mpelekee majani ya chai. Kilo nzima, Mwanamisi. Mimi nilimpelekea nusu, na kila nikikutana na mtu wa South Horr hapa mjini naambiwa mzee anauliza ile nusu nyingine iko wapi.

Ntito_wa_Horr

Yupo. Na anauliza kweli.