Uingereza na EU hawatozani ushuru, mbona makaratasi bado mpakani?

SWALI: Wakuu naomba kueleweshwa, Uingereza na Umoja wa Ulaya si walisaini mkataba bidhaa zipite bila ushuru? Sasa mbona malori yanayovuka kati ya bandari za Dover (Uingereza) na Calais (Ufaransa) bado yanadaiwa makaratasi kibao?

JIBU: Mkuu ushuru sifuri haimaanishi forodha imeondoka. Kabla ya Januari 2021 lori lilikuwa linapita tu sababu wote walikuwa soko moja, saivi mzigo unatolewa tamko la forodha pande zote mbili, na hiyo sifuri huipati mpaka uthibitishe bidhaa imetengenezwa humohumo Uingereza au Ulaya. Nguo za China zikiingia Uingereza halafu ukazipeleka Ufaransa vilevile zilivyo, zinalipiwa.

JIBU: Balaa lenyewe liko kwenye nyama na maziwa. Daktari wa mifugo lazima asaini cheti cha afya kabla mzigo haujaondoka, kosa dogo tu kwenye cheti lori linaweza kuzuiwa na nyama ndo hiyo inaharibika. Ulaya walianza kukagua tangu Januari 2021, Uingereza wakaahirisha weee mpaka Aprili 2024. Inaniuma kwa wafanyabiashara wadogo, kampuni kubwa inaajiri wakala wa forodha, mdogo anaacha tu kuuza nje.

JIBU: Msisahau Ireland Kaskazini, ile ni sehemu ya Uingereza lakini bado inafuata sheria nyingi za bidhaa za Ulaya ili mpaka wake na nchi ya Ireland, iliyo ndani ya EU, ubaki wazi, kwa hiyo ukaguzi ukahamia bandarini, kwa mzigo unaotoka sehemu nyingine za Uingereza. Tangu Oktoba 2023 mzigo unaobaki hukohuko Ireland Kaskazini unapita njia ya kijani yenye makaratasi machache, unaoweza kuvuka kwenda Ulaya unapita nyekundu yenye ukaguzi kamili.